Springi Nne Ambazo Hukuzifungua

Mpendwa Baba Tumaini,

Pikapu imewaka. Naanza na hilo kwa sababu najua ungekuwepo ungeuliza hilo kwanza, kabla hata ya kuuliza kama mvua imenyesha. Imewaka Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nilipopiga stata mara ya tatu, na moshi wake hauna rangi. Hedi, kichwa kile cha injini, niliifungua mwenyewe, hapa hapa nyumbani Gendabi, kwenye meza ya jikoni niliyoitoa uani. Aliyenisaidia ni mama yako. Usicheke. Mama yako, na umri wake ule, alivaa miwani ya kuchomelea akakaa kwenye kigoda kama fundi wa siku nyingi.

Ni mwaka wa pili sasa tangu tukuzike, na sijawahi kukuandikia. Sikuona sababu. Kaburini naenda, napalilia, naondoka; mimi si mtu wa kuongea na udongo. Lakini ndani ya injini ile nimekuta kitu ulichokiacha wewe, na tangu siku hiyo nimekuwa nikibishana nawe peke yangu, nikiwa shambani, nikiwa bombani, mpaka watu wanageuka kuniangalia. Nimeona bora niandike.

Unakumbuka mara ya kwanza tulipozifungua springi zile? Tumaini alikuwa hajaanza kutembea. Ulikuwa umenunua pikapu ikiwa imeshachoka, na ilikula oili mpaka ikawa tukipanda nayo kwenda kwetu Endagikot unabeba dumu la oili nyuma ya kiti, kama mtu anayebeba uji wa mtoto. Ulikuwa umefanya kazi gereji Katesh miaka miwili kabla hatujaoana. Ujuzi ulikuja nao nyumbani, ila vifaa vya gereji vilibaki gereji. Kwa hiyo ukaitoa hedi, ukailaza mezani, ukaweka kipande cha ubao chini ya valvu, ukasimamisha bomba juu ya springi, ukachukua nyundo.

"Martina," ukaniita, "njoo na vidole vyako. Vyangu ni vinene mno."

Ndiyo siku niliyojua valvu inavyokaa. Springi imebanwa chini ya kofia ya chuma, na kofia yenyewe inashikiliwa na vipande viwili vidogo, kila kimoja hakifiki punje ya mahindi, ambavyo wewe uliviita meno. Ukiibana springi, meno yanalegea, unayatoa, kofia inatoka, springi inatoka, na hapo ndipo unaifikia sili, kile kimpira kinachozuia oili isishuke kwenye moto. Kazi yote ile kwa ajili ya kimpira kisichozidi kifuniko cha kalamu. Nilikuambia hivyo, ukasema hata ndoa huvunjika kwa vitu vidogo kuliko hicho.

Ulipiga nyundo mara moja. Meno mawili yakaruka. Moja tulilipata kwenye majivu ya jikoni. La pili tulilitafuta mpaka magoti yakachubuka, kisha ukasimama ukamwangalia yule kuku wangu mwekundu aliyekuwa anadonoa karibu na meza.

"Huyu amemeza."

"Kuku hali chuma," nikakuambia.

"Kuku anakula mpaka mawe."

Mama yako alikuwa mlangoni anachambua maharage. Akasema kama kuna mashaka, achinjwe, ushahidi upatikane. Tukamchinja. Firigisi uliipasua mwenyewe, taratibu, kama daktari. Ndani yake mlikuwa na kokoto, kipande cha chupa na ushanga mmoja wa bluu. Jino halikuwemo. Ushahidi wetu tuliula kwa ugali, mama yako akiwa wa kwanza kuongeza mchuzi, na jioni ulipovua suruali jino likaanguka kutoka kwenye pindo la mguu wako.

Kesho yake tulikwenda wote wawili kwa mzee Gidamara, yule mhunzi wa Kibarbaig upande wa Mogitu. Ulibeba kipande cha bapa la springi ya lori na mchoro uliouchora kwenye daftari. Tulimpa shikamoo, akaitikia, akaupokea mchoro akaugeuza juu chini mara mbili.

"Hiki ni cha kuhasi ndama?"

"Hapana mzee. Ni cha gari."

"Gari nalo linahasiwa?"

Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Lakini alikielewa, na alikifua vizuri. Kibano chenye umbo la herufi C, kikubwa kama kichwa cha mbuzi, upande mmoja unakaa chini kwenye uso wa valvu, upande wa pili una skrubu inayosukuma kofia kutoka juu. Hatukupoteza jino tena tangu siku hiyo. Wewe ulizungusha skrubu, mimi nilichomoa meno kwa ncha ya bisibisi niliyoipaka grisi ili yanase. Valvu zote nane tulizimaliza mchana mmoja. Ulikuwa unanifundisha bila kujua kwamba unanifundisha.

"Zungusha kidogo, simama, sikiliza," ulikuwa unasema. "Uso weka pembeni. Springi haijui kama wewe ni mke wangu."

Miaka ilipita. Gari lilibeba mahindi, alizeti, vitunguu swaumu vya kwetu, lilibeba wajawazito, lilibeba na maiti mara mbili. Sitaki kuorodhesha. Naruka mpaka masika yale mama yangu alipovunjika nyonga.

Nilikaa Endagikot wiki tano nikimuuguza. Ulikuwa unanipigia kila siku jioni, na siku moja ukaniambia umeifungua injini tena, moshi wa bluu umerudi. Nikakuambia uningoje. Ukasema huwezi kuningoja, watu wana mizigo. Ulipokuja kunichukua, kiganja chako cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Umefanyaje?"

"Kibano kimeteleza. Si kitu."

"Na sili?"

"Nimebadilisha zote nane."

Ndivyo ulivyosema. Zote nane. Nilikuwa nimechoka, nguo zangu zinanuka dawa za mama, nikaegemeza kichwa kwenye kioo cha mlango. Tuliposhuka mteremko wa Dareda niliangalia nyuma nikaona, kila ukitoka kwenye kona na kukanyaga mafuta, kiwingu cha bluu kinabaki barabarani. Kilikuwa kimepungua kuliko zamani, lakini kilikuwepo. Nikakuuliza. Ukasema sili mpya zinahitaji muda wa kuzoea. Nikaamini, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unajua.

Mwaka uliofuata ndipo jembe lilipokudondoka shambani mbele yangu, na ulipoinama kuliokota vidole havikufunga. Ndipo tulipokwenda hospitali, ile ya karibu kwanza, halafu ile kubwa. Daktari kijana, mpole, alikuuliza mkono ulianza lini kukosa nguvu. Ukamjibu bila kusita, "Miezi miwili hivi." Nilikuwa nimekaa pembeni yako nikitingisha kichwa kukubaliana nawe. Picha zilipotoka akatuambia kuna uvimbe shingoni unabana mishipa, umekaa muda mrefu, na akashangaa muda huo haulingani na miezi miwili. Akasema laiti tungekuja mwaka uliotangulia. Wewe uliangalia dirishani. Nilidhani unatazama miti.

Baada ya hapo unajua mwenyewe. Sitayarudia.

Pikapu ilikaa chini ya paa la mabati tangu tulipokuzika. Mara moja moja niliendesha kwenda mnadani Katesh, moshi ukazidi, mpaka watoto wa shule wakawa wanaziba pua nikipita. Mwaka huu alizeti imekubali, magunia ni mengi kuliko ya mwaka wowote tangu tuanze kulima pamoja, na hakuna wa kuyabeba. Fundi mmoja alikuja, akainua boneti, akatikisa kichwa, akasema tutafute injini nyingine. Ndugu yako Paskali akadakia hapo hapo.

"Shemeji, tuiuze skrepa. Inakusumbua bure."

"Ni sili za valvu," nikasema. "Ikitoka mteremkoni ndiyo inatoa moshi zaidi. Baba Tumaini alinieleza dalili hiyo."

"Lakini si alizibadilisha?"

"Basi zimechakaa tena. Nitafungua niangalie."

"Mama Tumaini, gari si sufuria."

"Ni kweli. Sufuria haina bolti."

Aliondoka bila kuaga. Lakini kaka mtu ni kaka mtu. Jioni alirudi akaniachia miwani yake ya kuchomelea na kipimo cha kukazia bolti, akasema nisije nikasema hakunisaidia.

Nilianza Jumatatu, baada ya kukamua. Nilimpa mama yako shikamoo, nikamletea chai, akauliza meza inakwenda wapi. Nikamweleza. Akasema hawezi kukaa ndani akisikiliza vyuma vinalia bila kujua vinalia nini, basi apewe kazi. Nikampa kazi ya trei ya mayai. Kila valvu nikitoa, nayo inakaa kwenye shimo lake na springi yake, kofia yake na meno yake, ya kwanza mbele, ya mwisho nyuma, visichanganyike. Mama alizipokea kwa vidole, akazipapasa, akazipanga. Hakukosea hata moja.

Bolti za hedi nililegeza kama ulivyokuwa unafanya, kuanzia za pembeni kwenda katikati, kidogo kidogo. Zilinitoa jasho. Siku ya kwanza ilikwisha hedi ikiwa imelala mezani. Siku ya pili, asubuhi, nikashusha kibano cha Gidamara kutoka kwenye msumari wake. Kilikuwa na kutu kidogo. Nikakipaka oili.

Kabla ya kubana, niligonga kila kofia mara moja kwa bomba ili meno yasigande. Kisha ya kwanza. Nikazungusha, nikasimama, nikasikiliza. Meno yakalegea. Nikachomoa la kwanza, la pili, nikarudisha skrubu polepole mpaka springi ikapumua yote. Uso wangu ulikuwa pembeni, kama ulivyonifundisha. Chini yake nikaikuta sili ya kijani, laini bado, nzuri. Nikashangaa. Ya pili, kijani. Ya tatu, kijani. Ya nne, kijani. Nikaanza kujiuliza kama fundi yule alikuwa na haki na mimi ndiye niliyekosea.

Nikasogeza kibano kwenye ya tano, ndipo nikaona mikwaruzo.

Nisikilize, kwa sababu hapa ndipo ninapokuandikia. Kofia ya springi ya tano ilikuwa imekwaruzwa. Haikuwa mara moja wala mbili. Ilikuwa imekwaruzwa kuzunguka pande zote, mpaka chuma kiling'aa, na alumini ya pembeni yake ilikuwa na vidonda vya kibano kuteleza, kimoja juu ya kingine. Nikaangalia ya sita. Imekwaruzwa. Ya saba, kidogo. Ya nane haikuwa na alama hata moja. Kufikia hapo ulikuwa umeacha. Nikaibana ya tano, ikafunguka bila shida yoyote. Ndani mlikuwa na sili nyeusi, ngumu kama harage lililoungua. Ni zile zile tulizoweka mimi na wewe Tumaini akiwa mchanga.

Haikuwa imeganda. Mimi, mwanamke wa kimo hiki, niliifungua kwa mkono mmoja. Wewe uliyekuwa unainua gurudumu la akiba kama sinia, ilikushinda. Ilikushinda masika yale nikiwa Endagikot, mwaka mzima kabla ya jembe kudondoka.

"Umeona nini?" mama akauliza.

"Mama, hizi nne za nyuma hazikufunguliwa."

"Si alisema alibadilisha zote?"

"Alisema."

Nikamshika mkono nikamwekea kidole juu ya mikwaruzo ile. Aliipapasa muda mrefu. Kisha akasema kwa Kiiraqw, bila kunitazama, "Masika yale ndiyo alianza kunywa chai kwa mkono wa kushoto."

"Uliona?"

"Nilimzaa. Nitaachaje kuona?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimuuliza. Akasema, 'Mama, usimwambie Martina, ana mgonjwa mikononi, nitamwambia akitulia.' Halafu uliporudi nikadhani amekwambia. Halafu nikadhani mkono umepona. Halafu nikaogopa kuuliza."

Niliweka kibano chini, nikaenda nyuma ya zizi, nikakutukana. Unapaswa kujua hilo. Nilikuita mjinga, nikakuita mwongo, kwa sauti, ng'ombe wakaacha kutafuna. Nilikuona pale mezani peke yako, ukibana, kikiteleza, ukibana tena, damu kiganjani, ukijua kabisa kuna kitu hakiko sawa mwilini mwako. Kisha ukafunga injini, ukapanga uongo wako, ukaja kunichukua. Na daktari ukamwambia miezi miwili. Mbele yangu. Nami nikatingisha kichwa.

Nilikasirika na mimi mwenyewe pia. Kitambaa kile niliona. Moshi wa Dareda niliuona. Mtu anaweza kuuliza mara ya pili, haikatazwi.

Sasa nikwambie jambo ambalo mpaka dakika ile sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilikuwa na kivimbe kwenye titi la kushoto. Nilikikuta nikioga, kama miezi minne nyuma. Kikubwa kama punje ya njugu, hakiumi. Nilijiambia nitakwenda hospitali Tumaini akishamaliza mitihani yake ya chuo. Alipomaliza nikasema baada ya mavuno. Mavuno yalipokaribia nikasema baada ya kutengeneza gari. Nikiwa nimesimama nyuma ya zizi, mdomo bado una matusi yako, nikaona kwamba mimi nami niko kwenye springi ya tano.

Nilirudi uani. Mama alikuwa amekaa vile vile, trei mapajani.

"Mama, na mimi nina kitu."

Nilimwambia. Ilichukua muda mfupi kuliko kutoa jino moja. Hakulia wala hakuinua sauti. Aliweka trei mezani, akatandika gunia juu ya vyuma vyote, akasema, "Kesho unakwenda hospitali. Hiki chuma hakina pa kwenda."

"Na alizeti?"

"Alizeti imeshakomaa. Itakomaa mara ngapi?"

Nilimpigia Tumaini. Aliniuliza swali moja tu, nitapanda basi la saa ngapi, akakutana nami hospitali. Amekuwa mtu mzima, Baba Tumaini. Anashika mkoba wangu kama mimi ndiye mtoto. Walinipima, wakanipiga picha, wakanipeleka kwa daktari mama mmoja mwenye miwani, naye akaniuliza, "Umekigundua lini?"

Nilifungua mdomo kusema wiki mbili. Nakuapia, neno lilikuwa ulimini. Sijui ni aibu au ni nini. Mtu hataki kuonekana alikaa tu. Tumaini alikuwa pembeni yangu ananiangalia, tayari kutingisha kichwa kwa lolote nitakalosema.

"Miezi minne," nikasema. "Nilificha."

Tumaini akageuka akanitazama. Daktari hakunigombeza. Aliandika tu, akasema ameshukuru kwa kusema kweli, kwa sababu kinachokua miezi minne na kinachokua wiki mbili havitazamwi kwa jicho moja. Walikitoa wiki ile ile, wakakipeleka kupimwa. Tulingoja majibu siku kumi na tisa. Mama hakunigusia habari yake hata siku moja, ila kila asubuhi alinipikia uji wa ulezi na kukaa mbele yangu mpaka bakuli likaisha.

Majibu yalisema si kansa. Daktari anataka nirudi kila baada ya miezi sita waangalie. Nitarudi. Tarehe iko ukutani kwenye kalenda, Tumaini ameizungushia kalamu nyekundu, na mama anajua.

Siku ile ya majibu ndipo nilipokusamehe kidogo. Kidogo tu. Nimekuelewa kwamba uliogopa, kwa sababu nimeonja uoga wenyewe na najua unavyomfanya mtu apange sababu moja juu ya nyingine kama magunia. Ila kuelewa ni kitu kimoja. Mwaka ule ulikuwa wetu sote wawili na wewe uliutumia peke yako. Hilo bado linaniuma na sitakudanganya kwamba limekwisha.

Nilirudi mezani mshono ulipokauka. Nikazifungua tatu zilizobaki. Daktari alinikataza kuinua vizito kwa muda, basi valvu tulizisaga mimi na mama kwa zamu, tukizungusha kile kijiti chenye mpira wa kunyonya kati ya viganja, pesti ya kusagia ikila chuma taratibu mpaka kila valvu ikawa na pete ya kijivu pande zote. Mama alisema ni kama kupekecha moto, kazi aliyoiona kwa babu yake. Sili nilikuwa nimenunua seti nzima Katesh. Lakini nilipokuwa natafuta boksi la misumari nilikuta karatasi imekunjwa, na ndani yake sili nne za kijani, mpya. Ulizihifadhi. Labda ulikuwa na nia ya kunisubiri nizimalizie. Za mbele nimeweka za Katesh, za nyuma nimeweka zako. Usiniulize kwa nini.

Kurudisha meno ndiyo kazi inayochosha roho, unajua. Nilipaka grisi, nikayabandika kila moja, nikalegeza skrubu nikiwa nimeshika pumzi. Baada ya kila springi niligonga juu ya valvu kwa mpini wa nyundo kuona kama meno yamekaa. Yote kumi na sita yalikaa. Paskali alikuja kuniinulia hedi kuirudisha juu ya injini, nikakaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, yeye akinisomea kipimo. Hakutania hata mara moja. Jumamosi stata ilipoitika mara ya tatu alizunguka nyuma, akachuchumaa kwenye bomba la moshi kwa muda, akanyoosha kitambaa cheupe mbele yake, akakiangalia.

"Shemeji," akasema, "ni safi."

Nikamwambia ajue basi kwamba sufuria yangu imepona. Akacheka, akaenda kuchukua vijana wa kupakia alizeti.

Nilizima injini, nikamwambia mama apande mbele, nimzungushe mpaka Mogitu na kurudi, anastahili safari ya kwanza. Alipanda taratibu, nikamfunga mkanda. Tulitoka barabarani. Mlima Hanang ulikuwa wazi hauna wingu, na nilimwonyesha moshi, yaani ukosefu wa moshi, kwenye kioo cha pembeni upande wake wa kushoto.

"Angalia kioo, mama. Huoni kitu."

"Ni kweli," akasema. "Sioni."

Akaweka mikono mapajani.

"Martina, na mimi nina kitu. Jicho hili la kushoto halioni tangu mwaka juzi. Sikutaka kuwasumbua."

Nilisimamisha gari pembeni ya shamba la mtu. Tuliangaliana, yeye kwa jicho lake moja na mimi kwa mawili yangu, halafu tukaanza kucheka, Baba Tumaini, tulicheka mpaka mwenye shamba akaja kuuliza kama gari limeharibika.

Jumatatu nampeleka kwa daktari wa macho. Nitaendesha mwenyewe. Alizeti itangoja siku moja.

Wewe lala. Mama yako anakusalimu, na Tumaini pia. Hasira yangu iliyobaki nitaimalizia polepole, usiwe na wasiwasi nayo.

Ni mimi mkeo,
Mama Tumaini